Daraja Tulilolibandika kwa Macho

Sisi wakufunzi twazoea kuwaambia wanachuo kwamba jibu lililoandikwa daftarini si ushahidi wa kutosha kuwa mtoto ameelewa. Twalisema neno hili kila mwaka, na kila mwaka kalamu yetu ya kusahihishia hulisahau. Hapa twaomba kueleza jinsi tulivyokumbushwa nyumbani kwetu, juu ya meza ya chakula, na ala ndogo ya muziki yenye nyuzi nne.

Ala hiyo yaitwa ukulele. Umbo lake ni la gitaa, lakini mtoto wa darasa la tatu aweza kuipakata bila taabu. Asili yake ni kigitaa cha kisiwa cha Madeira kiitwacho machete kwa Kireno. Mwaka 1879 meli Ravenscrag iliwafikisha Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, Wareno waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, ambao baadaye walifungua karakana na kuunda ala hizo kwa mbao za huko. Mfalme Kalākaua aliipenda, na wenyeji wakaipa jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa kiroboto arukaye. Anayetazama vidole vya mpigaji hodari hataona ajabu ya jina hilo.

Lililotuvutia zaidi sisi ni habari ya Kanada. Kuanzia mwaka 1967 J. Chalmers Doane, aliyesimamia muziki katika shule za Halifax, aliutumia ukulele kuwafundishia watoto madarasani. Rafiki yetu aliyekuwa masomoni nchini humo alipotuuliza atuletee zawadi gani, tuliomba ukulele. Alituletea sanduku la vipande.

Ndani ya sanduku mlikuwamo mbavu mbili zilizokwisha kupindwa, kibao cha mbele chenye tundu la duara, kibao cha nyuma, mataruma membamba ya kuvitia nguvu vibao hivyo, vigingi vinne, nyuzi za nailoni, na shingo iliyokwisha kupandwa freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyokatiza chini ya nyuzi. Kulikuwa pia na kipande cha mbao kiitwacho daraja, ambacho hubandikwa juu ya kibao cha mbele na kuzishika nyuzi upande wa chini. Maelezo yote yalikuwa katika karatasi moja.

Likizo ya Desemba ilianza vizuri. Karatasi ilidai vibanio vingi kuliko viwili tulivyokuwa navyo, basi tukakata tyubu kuukuu ya baiskeli kuwa mikanda mirefu, tukaizungushia ala yote kama mtu afungaye mzigo wa kuni. Mpira ule ulibana sawasawa pande zote, pengine kuliko chuma. (Mwanachuo anayesubiri vifaa kutoka ghala la shule na aifikirie tyubu hiyo.) Gundi ya mbao tuliiacha saa 24. Tulipiga msasa mpaka mbao zikawa laini kama ganda la yai, na majirani wakaja kutazama. Hapo ndipo kiburi kilipotuingia.

Daraja tulilibandika usiku. Karatasi ilisema tupime. Sisi tuliutazama mchoro, tukaona mahali panapopendeza, tukatia gundi.

Siku ya pili tulifunga nyuzi na kuzikaza: so, do, mi, la. Zilipopigwa bila kubonyezwa zilipatana vema. Binti yetu wa darasa la nne, mwimbaji wa kwaya ya shuleni kwao, akabonyeza uzi wa do kwenye freti ya kumi na mbili, mahali inapopaswa kusikika do ya juu. Akakunja uso. "Baba, hii imepita," akasema. Tukamwambia nyuzi bado mpya. Akajaribu mi, akajaribu la, akaurudisha ukulele mezani kwa adabu iliyotuuma kuliko neno lolote.

Tulichukua rula. Kutoka kikalio cha nyuzi juu ya shingo hadi freti ya kumi na mbili palikuwa na milimita 173. Kutoka hapo hadi darajani, palipopasa kuwa na 173 nyingine, palikuwa na 167. Freti hiyo haikugawa uzi katikati tena.

Jambo hili tulilijua. Uzi ukikatwa nusu hutoa sauti ileile ya juu zaidi: tumelifundisha, tumelitungia maswali ya mtihani, na tumewanyima alama waliolikosea. Hatukuwa tumewahi kulitafuta kwa mikono.

Ndipo tukamkumbuka mwanachuo mmoja. Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliotangulia, alilipa darasa la tano vibao vyenye misumari miwili na mshipi wa kuvulia uliovutwa kati yake. Hakueleza kanuni yoyote. Aliwaambia watafute, kwa kusogeza kijiti chini ya mshipi, mahali uimbapo do ya juu. Dakika 40 zilikwisha watoto wakiwa bado wanang'ang'ana na rula. Vikundi viwili tu vilipiga kelele kwamba ni nusu. Ubaoni hapakuandikwa kitu. Sisi, tukiwa tumeketi nyuma, tuliandika katika fomu: "Muda haukuzingatiwa. Hitimisho halikuwapo." Tukampa alama ya chini kabisa ya kufaulu, na alama hizo zilikwisha kupelekwa kunakohusika.

Watoto wa vile vikundi viwili wasingelibandika daraja kwa macho.

Kulibandua kulituchukua jioni nzima, kwa kisu chembamba kilichopashwa moto katika maji na kusukumwa chini ya mbao polepole. Tulipima mara tatu, tukabandika upya. Kovu limebaki juu ya kibao, lenye upana wa milimita 6, na vanishi haikuweza kulificha.

Mwanachuo yule sasa ni mwalimu katika shule ya kijijini. Tuliomba namba yake kwa wenzake, tukamwandikia ujumbe, tukamweleza habari ya daraja na ya fomu ile, na tukasema wazi kuwa tulikosea. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Alitusalimu shikamoo, akaushukuru ujumbe, na juu ya alama hakusema neno. Alisema anao wanafunzi 62 na makopo matupu ya mafuta ya kula, na kwamba mbao za shingo amezipata kwa seremala. Aliomba vipimo vya freti.

Tukamtumia. Urefu wote wa uzi, milimita 346, ugawanywe kwa 17.817; jibu, 19.4, ni umbali wa freti ya kwanza kutoka kikalio cha juu. Kinachobaki kigawanywe tena kwa hesabu ileile, na hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili, ambayo lazima iangukie 173.

Akauliza kama ya pili ni 18.3, kwa kuwa watoto walikwisha kuikokotoa.