Wanatazama Chini ya Maji

Mimi ni baharia wa Lamu, na kazi ya kusafisha chombo nimeirithi kwa wazee wangu. Maji ya bamvua yakipwa, jahazi huachwa limekaa mchangani, likakwanguliwa mwani na magamba, kisha sehemu inayozama ikapakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa. Tulifanya hivyo ili chombo kiende mbio na mbao zisiliwe na wadudu. Yale makwanguo yalibaki hapo hapo, maji yakijaa yanayachukua. Yalikokwenda hakuna aliyeuliza. Siku hizi mimi nauliza, na nashuhudia hapa kilichonigeuza.

Mwaka 2023 nilikuwa nafanya kazi kwenye yoti ya mume na mke, watu wazima, tukitoka Fiji kwenda Nyuzilandi. Msimu wa vimbunga unapokaribia, mnamo Novemba, yoti nyingi huondoka kwenye visiwa vya joto vya Pasifiki na kushuka kusini huko. Kabla ya kung'oa nanga, bibi mwenye chombo alinisomea masharti. Taarifa ya kuwasili itangulie kwa saa 48 au zaidi. Chombo kiwe safi chini: sisi tulichagua kukipandisha nchi kavu na kukisafisha ndani ya siku 30 kabla ya kufika, na picha na risiti za kazi hiyo tukazihifadhi. Yoti inayokusudia kukaa wiki tatu au zaidi huruhusiwa kuingia na utando wa utelezi tu, pamoja na wale viumbe wa magamba wenye shingo wanaodandia vyombo katikati ya bahari kuu.

Nilikwangua mpaka ndani ya matundu yanayovuta maji ya injini. Ubavu laini si kazi. Viumbe hujificha chini ya mkuku, kwenye maungio ya usukani na nyuma ya rafadha, mahali ambapo maji hayawapigi kwa nguvu.

Bandarini Opua, Nyuzilandi, yoti zinazotoka ng'ambo hufungwa kwenye gati la karantini lililo peke yake majini. Hushuki, wala jirani hapandi. Unapandisha bendera ya manjano, ambayo ni kama kupiga hodi, na unangoja mwenyeji aje. Ofisa alipokuja alichukua asali, mayai, vitunguu na matunda yaliyosalia. Asali, alieleza, inaweza kubeba magonjwa ya nyuki. Kisha akateremsha kamera iliyofungwa kwenye mti mrefu, akaipitisha polepole chini ya chombo chote. Kwenye usukani alikawia sana. Akanisimulia habari za mnyoo wa Mediterania, Sabella spallanzanii, aliyegunduliwa bandari yao ya Lyttelton mwaka 2008 na ambaye sasa yumo hata katika bandari ya Auckland. Hukaa ndani ya mrija, hukusanyika kwa wingi, na huchuja chakula kile kile wanachokitegemea kome na chaza. Meli kubwa, alisema, huingia bandari kubwa. Yoti inaweza kulala miezi kwenye maji ya nchi moja, kisha ikaingia kila kihori cha nchi nyingine.

Nilimsikiliza kwa adabu. Lakini kilichoniingia moyoni nilikiona Te Rāwhiti, katika Ghuba ya Visiwa. Mwaka ule ule mwani wa kigeni uitwao Caulerpa ulikuwa umeonekana pale, baada ya kugunduliwa kisiwa cha Aotea mwaka 2021. Jamii ya mwani huo tunayo hata sisi kwenye maji yetu, haisumbui mtu. Kule unafunika sakafu ya bahari kama zulia, na kipande kidogo kilichonaswa na mnyororo wa nanga kinatosha kuanzisha shamba jipya. Ndiyo sababu serikali ilikataza kutia nanga sehemu zile, na Wamaori, wenyeji wa asili, nao wakaweka rāhui, katazo lao la kimila. Mama mmoja mzee wa pale alinionyesha maji ambamo watu wake walikuwa wakivua tangu enzi za babu zake. "Mwanangu," akaniambia, "aliyeuleta hatumjui, lakini tunaofunga nyavu ni sisi." Nilikosa la kumjibu. Nilikumbuka kunguru walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, na mpaka leo pwani yetu nzima inahangaika nao.

Sasa nahudumia vyombo vya wageni katika kihori cha Kilifi. Wengine hutaka nizamie niwakwangulie pale pale walipotia nanga, kwa kuwa ni rahisi na haraka. Sikubali, hata malipo yakipanda. Chombo kinangoja bamvua, kinakalishwa juu ya pwani, natandika turubai chini yake, na kila kinachodondoka nakizika mbali na maji yanapofika. Mnyororo na nanga navisugua kwa mkono kabla ya safari. Wiki hii kuna yoti inayojiandaa kwenda Shelisheli. Mwenyewe alinung'unika kuhusu kungoja, nikamweleza ya Te Rāwhiti, na amekubali tuikalishe bamvua lijalo.