Petroli Ilikwenda Wapi?

Msomaji, pampu ya petroli katika gari la zamani ni kitu kidogo, yapata ukubwa wa ngumi, lakini kazi yake yafanana na ya moyo. Katika magari mengi ya leo pampu ni ya umeme, nayo hukaa ndani ya tangi. Bali katika magari ya kabureta, kama Peugeot 504 za zamani, ilifungwa ubavuni mwa injini. Injini ikizunguka husukuma mkono wa pampu, nao mkono huvuta kiwambo chembamba cha mpira. Kiwambo kikishuka, petroli huvutwa kutoka tangini. Springi ikikirudisha juu, petroli husukumwa kwenda kwenye kabureta. Juu ya kiwambo mna petroli. Chini yake mna njia ya kufikia oili ya injini. Kiwambo ndicho ukuta baina ya vitu viwili visivyopaswa kukutana.

Mfanyabiashara mmoja wa Busia alikuwa na pikapu kuukuu iliyopeleka vitunguu Malaba, kwa barabara ipitayo Alupe na Adungosi. Ghafula ikaanza kula petroli kupita kiasi, na chini yake hapakuwa na hata tone. Katika miji ya mpakani petroli ya madumu hupata mnunuzi upesi. Mzee akamshuku dereva wake, kijana mwenye mke na mtoto mchanga, akatangaza mbele yetu sote kwamba atamfukuza kazi.

"Mzee, sijauza hata kikombe," kijana akaapa. Hakusadikiwa.

Fundi mmoja aliyefanya kazi chini ya mwembe akasema, "Mzee, kabla ya kumhukumu kijana, tuliulize gari."

Injini ilikuwa imepoa. Fundi akamwondosha mtu aliyekuwa akivuta sigara, akaifuta pampu hata ikakauka, kisha injini ikawashwa kwa muda mfupi, naye akatazama unyevu utaanzia wapi. Unyevu ukianzia kwenye kiungo cha bomba, huenda kibano kimelegea. Ukianzia katika mshono wa vipande viwili vya pampu, skrubu au gaskiti zakaguliwe. Petroli ikitoka katika tundu dogo la chini, shaka huangukia kiwambo. Pampu ile ilibaki kavu. Lakini fundi aliona kwamba tundu lake lilikuwa limezibwa na tope la miaka mingi. Ukavu ule haukuwa ushahidi.

Ndipo akazima injini, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, tena nyepesi, ikinuka petroli.

"Petroli yako hii hapa, Mzee," akasema.

Walakini hakuishia hapo, maana kabureta inayofurika nayo huweza kuteremsha petroli katika oili. Akaifungua pampu, akakiinua kiwambo kwenye mwanga wa jua: ufa ulionekana wazi. Akatia kiwambo kipya, akazibua tundu, akamwaga oili yote. Kwani oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma, na mvuke wake huweza kushika moto.

Hatari hiyo si ya kubuni. Julai 2021, huko Malanga katika Kaunti ya Siaya, kwenye barabara ya Kisumu na Busia, lori la petroli lilipata ajali. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, ukawaua zaidi ya 10. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ukutane na cheche. Kwa hiyo, msomaji, usimulike pampu kwa kiberiti wala kwa taa ya utambi.

Na mali ikipotea pasipo alama, usikimbilie kumtaja mwizi. Jambo lisiloonekana nje huenda limefichwa ndani, na kulitafuta huko kwataka dakika chache tu. Lakini jina la mtu likishachafuliwa sokoni, halioshwi upesi. Mzee yule alilitambua hilo. Aliwaita wale wale waliomsikia akimshtaki kijana, akamwomba radhi mbele yao, kisha akamkabidhi ufunguo.