Bibi Aliyehama Mara Mbili

Tampere, 30 Novemba 2023

Usiku wa kuamkia leo serikali ya Ufini imefunga vituo vyote vya kupitishia watu kwenye mpaka wake na Urusi, mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300. Inasema Urusi inawasukuma kwa makusudi watu wasio na viza, Wasomali, Wasiria, Wairaki, waje kuomba hifadhi. Shemeji, mume wa mdogo wangu, amesikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama, kikombe cha kahawa mkononi, kisha akazima redio bila neno.

Saa tatu imepita ndipo jua likachomoza, na kabla ya saa kumi taa za barabarani zimewaka tena. Mdogo wangu amenifunga kiakisi kwenye koti, kibamba cha plastiki kinachong'aa kikimulikwa na gari. Sheria inamtaka kila mtembea kwa miguu akivae gizani. Watoto wa darasa la kwanza wanakwenda shule peke yao, vibamba vikichezacheza ubavuni. Napenda nchi inayoweza kumwachia mtoto wa miaka saba giza la saa mbili asubuhi.

3 Desemba

Bibi yake shemeji ana miaka themanini na tisa. Kwao ni kijiji cha jirani na Viipuri, Karelia, ardhi ambayo leo ni ya Urusi. Alizaliwa ndani ya sauna, kama watoto wengi wa vijijini wa enzi hizo, maana ndicho chumba kilichokuwa na joto, maji ya moto na usafi.

Leo amenifundisha kupika piirakka za Karelia. Kifimbo chake cha kusukumia ni chembamba, hakina mikono, na kimechongoka kidogo ncha zote mbili. Donge la unga wa rai analisukuma mpaka unaiona meza chini yake. Katikati anapaka uji mzito wa mchele uliopikwa kwa maziwa, anakunja kingo za pande mbili, kisha vidole vya shahada vinafinya, vinafinya, hadi ukingo wote umejaa mikunjo. Zikitoka kwenye oveni ya moto mkali huchovywa katika maziwa yenye siagi, zikafunikwa kwa kitambaa zilainike. Huliwa na mayai ya kuchemsha yaliyopondwa na siagi.

Mikono inafinya, mdomo unasimulia, mdogo wangu anatafsiri. Majeshi ya Muungano wa Kisovieti yalivamia tarehe 30 Novemba 1939, tarehe ileile mpaka ulipofungwa juzi. Yeye alikuwa na miaka mitano. Waliondoka na ng'ombe mmoja na alichoweza kubeba kila mtu. Mwaka 1942, jeshi la Ufini lilipokuwa limeirudisha Karelia, walirejea wakaanza kulima upya. Mwaka 1944 wakahama tena, safari hii moja kwa moja. Watu zaidi ya 400,000 walihamishwa, katika taifa ambalo halikufika hata milioni nne.

Nikamuuliza alilia lini zaidi. Mara ya pili, amesema. Mara ya kwanza alidhani wanakwenda kutembea.

6 Desemba

Sikukuu ya uhuru, wa 1917. Hakuna ngoma. Mchana watu wamekwenda kwenye makaburi ya askari, na saa kumi na mbili jioni kila nyumba imeweka mishumaa miwili dirishani.

Bibi amenionyesha gazeti alilolihifadhi, la msiba wa Martti Ahtisaari, aliyefariki Oktoba mwaka huu. Mimi nilimjua kama balozi wa Ufini aliyekaa Dar es Salaam, 1973 hadi 1977, na baadaye kama mtu wa Umoja wa Mataifa aliyesimamia Namibia ikapata uhuru wake 1990. Alikuwa rais wa nchi hii, akapata Nobeli ya Amani 2008. Sikujua kwamba naye alizaliwa Viipuri, mwaka 1937, akakimbizwa angali mchanga. Bibi akaniambia, kwa fahari isiyofichika: "Yule ni mtoto wa kwetu." Nami nimefikiri kwamba waliompokea Dar walimpokea mtu aliyejua kupoteza kwao.

9 Desemba

Sauna ya Rajaportti, mtaa wa Pispala, inayofanya kazi tangu 1906. Wanawake upande wao, wanaume wao. Tukitoka kwenye mvuke tunakaa uani na taulo tu, theluji miguuni, migongo ikifuka. Wanawake ambao kwenye basi hawakuangalii usoni hapa wameniuliza habari za mama yangu, za Lushoto, za bei ya mchele.

16 Desemba

Juzi walifungua vituo viwili vya mpaka, jana usiku wakavifunga tena. Mezani kumewaka moto. Shemeji anasema anayeomba hifadhi asikilizwe hata kama aliyemsukuma ana hila. Bibi anasema shemeji haijui Moscow, yeye anaijua.

Siwezi kumdharau kwa hofu yake. Kaipata kwa miguu. Lakini nimesema langu. Nimewaeleza habari za Warundi waliokimbilia kwetu Tanzania mwaka 1972, wakapewa ardhi ya kulima Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na kwamba mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwao na wa vizazi vyao walipewa uraia. Katika kambi nyingine tuliwabana watu vibaya, hilo nalo nimelisema. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kahawa, hakubadili neno.

24 Desemba

Makaburi ya Kalevankangas jioni. Familia nzima nzima, watoto kwenye vigari vya kuteleza, kila kaburi na mshumaa wake. Humu wamo waliouana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1918. Bibi hakwenda kwa mumewe kwanza. Alianza mahali pa kuwakumbuka waliozikwa kwingine, akawasha wa mama yake mkubwa aliyebaki Karelia. Akanipa na mimi kiberiti. Nimemwashia baba.

27 Desemba

Leo bibi amejibu swali nililomuuliza tangu ule usiku wa ubishi: watu wa Karelia walipewa nini? Sheria ya ardhi ya 1945 iliwagawia waliohamishwa mashamba, na ardhi ilikatwa pia kwenye mashamba ya wenyeji. Nchi ilikuwa imeshindwa vita, inalipa fidia kwa Muungano wa Kisovieti hadi 1952, na bado mwaka 1948 ikaanza kuwalisha bure watoto wote shuleni. Bibi alikula uji wa shuleni, na wakati huohuo mtaani watoto walikuwa wakiwazomea watu wa Karelia eti ni Warusi.

Mkulima aliyekatwa shamba lake hakumsalimu baba yake bibi kwa miaka. Nikauliza kama walikuja kupatana. Hapana, amesema. Lakini farasi wake ndiye aliyelima shamba letu la kwanza, na hakudai malipo.