Mwalo wa Kasenyi na Injini Zake Kuukuu

Ukiacha barabara ya Entebbe na kuteremka ziwani, utaisikia Kasenyi kabla hujaiona. Huu ndio mlango wa watu wengi waendao visiwa vya Ssese na Koome. Wachukuzi huwabeba abiria mabegani ili wasilowe, na nyuma ya kila mtumbwi huning'inia injini, aghalabu Yamaha ya mipigo miwili yenye nguvu za farasi 15, 25 au 40. Nyingi zimekwisha kupoteza rangi.

Zamani safari hizi zilikuwa za kasia. Wasese walikuwa hodari wa kushona mbao kwa nyuzi, na mitumbwi yao ndiyo iliyobeba majeshi ya Kabaka ziwani. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway, alianza kuuza injini yake ya kufungwa nyuma ya mashua huko Marekani mwaka 1909. Miaka ile ile watu wa Ssese walikuwa wakihamishwa visiwani kwa ajili ya malale.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Injini ikizimika katikati yake, upepo ndio unaokuwa nahodha. Kwa sababu hiyo fundi wa mwaloni hana kazi ndogo. Nilimkuta mmoja akizungumza na askari wa doria aliyeleta injini iliyokuwa ikizimika kila baada ya mwendo wa nusu saa.

"Afande, hii haijafa," alisema. "Ina kiu tu."

Alikuwa na maana ya maji. Injini hizi hupozwa kwa maji ya ziwa yenyewe, yanayovutwa na gurudumu dogo la mpira lililofichwa chini, juu ya gia. Mchanga wa ufukweni hulila gurudumu hilo, na magugu-maji, yaliyoenea ziwani tangu mwisho wa miaka ya 1980, huziba matundu ya kuingizia maji. Dalili yake iko wazi: ule mchirizi unaotoka ubavuni hupungua au hukatika. Nahodha mwenye busara huutazama kama mama atazamavyo sufuria ya maziwa motoni. Mchirizi ukikatika, zima injini mara moja, ondoa magugu, zibua tundu kwa kijiti chembamba. Usipotoka bado, gurudumu libadilishwe. Ni kitu cha bei ndogo, na kulikosa huua pistoni. Tena injini isiwashwe nchi kavu bila maji, hata kwa kujaribu.

Jambo la pili ni mafuta. Injini ya mipigo miwili haina mahali pake pa oili. Oili huchanganywa na petroli. Kwa nyingi za aina hii kipimo ni sehemu 1 kwa 50, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20, ingawa zile za zamani zaidi hudai oili maradufu. Wako wanaopunguza oili ili kubana matumizi. Huo si ubanaji. Plagi hueleza yote: ikiwa ya kahawia, mambo ni mema, ikiwa nyeusi na yenye kulowa, mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu, ikiwa nyeupe, injini inaungua. Na oili ya gia ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamepenya kwenye sili.

Injini iliyozama nayo haizikwi. Toa plagi, isuuze kwa maji safi, ilaze matundu ya plagi yakitazama chini, vuta kamba polepole mpaka maji yaishe. Safisha kabureta, tia oili kidogo ndani, kisha iwashwe siku ile ile, kwani kutu haingoji kesho. Kamba ikigoma kuvutika, usilazimishe. Huenda mna mchanga.

Ajabu moja ambayo wengi hawaifikirii: ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Anayepakia kama wafanyavyo watu wa pwani amekwisha kuzidisha mzigo kabla hajaondoka.

Injini ya askari yule iliwaka alasiri. Fundi aliiachia ngurume ndani ya pipa la maji kwa muda mrefu, akitazama mchirizi tu. Kisha akaulizia makasia na makoti ya kuokolea. Makasia yalikuwapo, makoti yalikuwa matatu, na watu walikuwa watano. Alikataa kuifunga injini mtumbwini mpaka mengine mawili yaletwe.