Tairi Kubwa za Ami

Ndugu msomaji, wenzangu wengi wameleta mashairi na hadithi za mapenzi. Mimi naleta habari ya gia. Mhariri alipoisikia alicheka, akaniuliza kama nimekosea mlango nikidhani hiki ni Chama cha Sayansi. Nilimjibu kwamba habari yenyewe ina aibu ya kutosha, na aibu ni jambo la fasihi. Basi naomba univumilie.

Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, ana Land Rover ya mwaka 1978, ile iitwayo Series III. Ni ile fupi. Aliichagua fupi kwa sababu vichochoro vya Mji wa Kale havina huruma kwa gari refu, na sisi twakaa Kibokoni pamoja na bibi. Kazi ya gari hiyo ni kuleta nazi na maembe Marikiti kutoka shamba moja lililo bondeni, ukishapita Kwale kuelekea Kinango. Ada yangu ya shule yatoka humo. Chakula pia chatoka humo.

Gari ilikuja na tairi za 6.00-16, yaani upana wa inchi sita, na rimu ya inchi kumi na sita. Kwa lami zilitosha. Lakini njia ya kule shambani ni udongo mwekundu, na malori yamechimba mifereji miwili mirefu hata tumbo la Land Rover yetu likawa likikwaruza katikati. Hapo ndipo nilipoingiza ulimi wangu.

Kwa kinyozi nilikuwa nimeona gazeti lenye picha za Rhino Charge, yale mashindano ya magari porini yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za kujenga ua wa kulinda wanyama na msitu wa Aberdare. Wallahi, magari yale! Tairi zilikuwa zanifika kiunoni. Nilimpelekea ami gazeti lile, nikamwambia, "Ami, tukiweka tairi kubwa hatutakwaruza tena." Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka wavulana wa mtaani wanione nikishuka katika gari iliyo juu juu. Picha ile ilionyesha tairi tu. Gia hazionekani pichani.

Ami alifikiri siku mbili, kisha akanunua tairi nne za 7.50-16, si mpya lakini zenye meno mazuri. Alizilipia kutoka katika pesa alizokuwa akiweka kwa ajili ya paa la nyumba ya bibi. Mabati yetu yana matundu, na masika ilikuwa yabisha hodi. "Pesa zitarudi," alisema, "tutabeba magunia zaidi."

Wiki ya kwanza nilikuwa mfalme wa Kibokoni. Kweli, gari ilikuwa haikwaruzi tena, hilo lazima niseme. Lakini mambo madogo madogo yakaanza. Bibi alishindwa kupanda, ikabidi tumwekee kibago. Ukikata usukani mpaka mwisho, tairi yagusa springi, kwa hivyo fundi alizuia usukani usifike mwisho, na ile kona ya kuingilia mtaani ambayo ami alikuwa akiikata mara moja, sasa yamtaka arudi nyuma mara mbili huku watu wa barazani wakitoa amri. Tena safari ya Likoni hadi Kwale, ambayo ilikuwa ikisoma kilomita 30, ikawa yasoma 27. Ami alifurahi. Alisema tairi zimefupisha njia!

Jumamosi moja tulipakia magunia kumi na manne ya nazi. Tulipoanza kupanda kutoka bondeni, injini ikalia, ikanyong'onyea. Ami akatia gia ya kwanza, akashikilia klachi katikati. Pakatoka harufu kama ya nywele zilizoungua. Gari ikasimama, ikaanza kurudi nyuma pole pole. Niliruka nikatia jiwe nyuma ya gurudumu, na moyo ulikuwa wanidunda hata masikioni. Klachi ilikuwa imekwisha. Tulivutwa na trekta hadi barabarani, na kutoka hapo na lori. Maembe tuliyokuwa tumeyaweka juu ya nazi yalioza kabla hatujapata soko. Njia nzima ami hakunilaumu hata neno moja, na afadhali angenilaumu.

Fundi wetu, ambaye gereji yake ni uwanja chini ya mwembe huko Majengo, alizunguka gari mara moja, akatoa hukumu. "Tairi kubwa yataka difu nyingine. Hizi zenu haziwezi mzigo. Mimi nina difu mbili za Land Rover za baadaye, zimetoka kwenye gari iliyopinduka. Imara kabisa." Bei yake shilingi 45,000 kwa zote mbili, mbali na klachi. Ami akauliza kama yawezekana kubadilisha ya nyuma peke yake kwanza. Fundi akakataa katakata: gari hii ikiingia magurudumu manne, mbele na nyuma hufungwa pamoja, na zikiwa na hesabu tofauti zitavutana mpaka kitu kivunjike. Zote mbili au uache. Katika hilo alisema kweli.

Shilingi 45,000 ndizo zilizokuwa zimebaki za paa, zote.

Usiku ule sikulala. Nilichukua daftari la fizikia. Mchana nilikuwa nimepiga mstari wa chaki juu ya tairi ya zamani, nikaibiringisha sakafuni duru moja, nikapima: mita 2 na sentimita 24. Ile mpya: mita 2 na sentimita 49. Yaani kila duru yaenda mbele zaidi kwa sehemu kumi na moja katika mia. Ndiyo maana kilomita zilipungua. Si njia iliyofupika, ni gurudumu lililozunguka mara chache. Mita ikisoma 60, gari yaenda karibu 67.

Nguvu nayo ni hivyo hivyo. Mwangalie hamali wa Marikiti akitia mkono kwenye gurudumu la mkokoteni lililozama. Hushika ukingo, hashiki karibu na ekseli. Injini haina bahati hiyo. Yenyewe husukuma kutoka katikati, kwa hivyo gurudumu likikua, msukumo unaofika barabarani hupungua. Difu ndiyo inayoamua propela izunguke mara ngapi ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika Land Rover yetu ni mara 4.7. Kwa tairi zile mpya ni kama tumeishusha mpaka 4.2. Ili kurudi tulipokuwa, tungehitaji difu ya 5.2 hivi. Namba ikiwa kubwa, gari ina nguvu zaidi na mwendo mdogo.

Hapo nikajiuliza: difu za fundi ni ngapi?

Asubuhi nilimfuata ami gerejini, chaki mfukoni. Kumsemesha mtu mzima kama yule juu ya kazi yake si jambo dogo kwetu. Nilimwamkia, nikapiga moyo konde, nikasema, "Fundi, samahani, naomba nizihesabu difu kabla ami hajalipa."

Alinitazama kama aliyeona paka akisoma. "Mtoto wa shule anifundishe gari? Miaka thelathini mimi nalala chini yazo!"

Ami alinyamaza. Kisha akasema taratibu, "Muache, fundi. Nami nataka kuona."

Tulianza na gari yetu. Breki ya mkono ya Land Rover hii hushika propela, haishiki magurudumu, kwa hivyo tulilazimika kuilegeza na kutia mawe kwenye tairi nyingine. Tukainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki. Gurudumu moja likiwa chini, lile la juu lazima lizungushwe mara mbili ndipo lihesabiwe moja. Nililizungusha mara mbili, na spanaboi akahesabu propela: nne, na nusu, na zaidi kidogo. Sawasawa. Kisha tukaenda kwenye difu za fundi zilizokuwa juu ya meza. Nikatia alama kwenye lile gurudumu kubwa la meno, nikazungusha shingo ya mbele. Moja. Mbili. Tatu. Na nusu hivi, alama ikarudi mahali pake.

"Rudia," alisema fundi. Nikarudia. Tatu na nusu.

Difu zile zingetupunguzia nguvu badala ya kutuongezea. Ami angetoa pesa zote za paa ili gari ishindwe hata kutoka Marikiti na magunia matano. Lakini naomba msomaji asimdhanie vibaya fundi. Hakuwa akitudanganya. Difu zile kweli zilikuwa imara. Yeye alipima uimara, mimi nikapima duru.

Mimi nilidhani ushindi ni wangu, nikaendelea kusema kwamba basi lazima tutafute difu ya 5.2, au tairi ziuzwe. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa, akacheka. "Sasa nawe sikiza. Ile Land Rover ndefu, ya inchi 109, waijua?"

"Naijua."

"Tairi zake kiwandani ni hizi hizi, 7.50-16. Injini yake hii hii. Na difu zake?"

Nilinyamaza.

"Hizi hizi! Nne nukta saba. Na yenyewe ni nzito kuliko hii. Ile ya tani moja ndiyo ilikuwa na tairi za 9.00-16, na hapo kiwanda chenyewe kiliishushia gia. Hii yenu haina haja." Maneno yake ya jana alikuwa ameyameza bila maji, na mimi sikuthubutu kumkumbusha.

"Basi mbona ilishindwa?" ami aliuliza.

Fundi aliingiza mkono ndani ya gari, akashika ule mti mfupi wenye kichwa chekundu. Haukutikisika. Ulikuwa umeota kutu. "Mara ya mwisho kuutumia huu ni lini?"

Ami alikuna kichwa. Hajawahi. Aliogopa utavunjika. Huo ndio mti wa gia nzito, uliotengenezwa kwa ajili ya vilima vya udongo kama kile, na sisi tulikipanda kwa gia za barabarani, na magunia kumi na manne, na klachi iliyokuwa mgonjwa tangu kabla ya tairi. Fundi alionya lakini kwamba kwenye lami kavu mti huo usiachwe umeingizwa. Ukifika juu, utoe.

Tulitia klachi, tukaulegeza ule mti kwa mafuta na nyundo. Difu zikabaki mezani.

Tulipokuwa twarudi nyumbani, hapo penye kona yetu, ami alipokuwa akirudi nyuma mara ya pili, nilimwambia yote. Kwamba nilizitaka tairi kwa ajili ya kuonekana. Hakugeuka. Alikuwa akitazama ukuta wa jirani.

"Najua," alisema. "Kwani mimi sikuzipenda?"

Pesa zilizobaki zilitosha mabati ya vyumba viwili. Jikoni bado tuliweka ndoo masika yote, na bibi hakosi kunikumbusha kila tone likilia. Tairi zipo. Kibago chake kipo. Mimi niliandika karatasi nikaibandika mbele ya usukani: "Ikisoma 60, ujue ni 67." Jana niliona ami ameongeza mstari chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Magunia 10."