Makali ya Siku ya Kwanza



Wapendwa waamini, juma hili napenda kuwashirikisha habari ya kisu kimoja.

Kisu hicho nilikinunua sokoni Masasi. Kiling'aa sana, nacho kilipasua karatasi kama wembe, nikaridhika. Siku ya sherehe ya somo wa parokia niliwaazima vijana waliokuwa wakichuna mbuzi. Kabla ya kumaliza mbuzi wa pili kisu kilikuwa kimekuwa butu. Kijana aliyekishika akazidi kukikandamiza. Kikateleza penye kiungo na kumchana kiganja. Alishonwa nyuzi 7.

Nilikwenda na kisu hicho kwa mhunzi mmoja huko Newala, jirani yetu Mwislamu, mzee wa makamo ya baba yangu. Barabara huiacha milima ya mawe ya Masasi na kupanda hadi juu ya uwanda wa Makonde, ambako ukisimama ukingoni waliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yaliyotokea.

“Padre, ulikijaribu lini?” aliniuliza.

“Siku niliyokinunua, mzee.”

Akacheka. “Siku hiyo hata bati hukata.”

Akatwaa kisu alichokifua mwenyewe kwa springi ya gari. Alivinoa vyote viwili kwa kinoo kimoja, kwa mlalo uleule, mpaka vyote vikapasua karatasi sawasawa. Kisha akaleta kipande cha mpingo mkavu, mti mgumu wanaouchonga mafundi wa Kimakonde. Kila kisu kilikata mara 20, kikarudishwa kwenye karatasi, kisha mara 20 tena. Changu kiliichana karatasi vibaya katika mzunguko wa pili. Chake kilifika mikato 100 kingali kikipasua.

Alinipitishia ukucha kwenye makali ya kisu changu, nikahisi yamejikunja upande mmoja. Chuma laini hujikunja, alisema. Lakini chuma kilichopashwa moto kikawa chekundu na kuzamishwa ghafla, kisha kikaachwa hivyo, huwa kigumu mno na makali yake humeguka. Kwa hiyo baada ya kukizamisha hukirudisha kwenye moto mdogo, apunguze ugumu bila kuuondoa. Springi humfaa kwa kuwa ina kaboni ya takribani asilimia 0.6, kiasi cha kutosha kukipa chuma ugumu. Chuma cha nondo za kawaida huwa na kidogo zaidi.

Baadaye nilifahamu kwamba viwandani nako hufanya jambo linalofanana na hilo. Katika kipimo cha kimataifa cha ISO 8442-5, mashine hukatisha kisu karatasi ngumu zenye chembe za mchanga, tena na tena, na kina cha kila mkato hupimwa. Ukali wa mwanzo huandikwa peke yake, na kudumu kwa makali huandikwa peke yake. Mzee wa Newala naye alivitenganisha hivyo kwa karatasi na kipande cha mpingo.

Wapendwa, njiani nikirudi niliifikiria siku ya upadirisho wangu. Siku hiyo nami niling'aa. Mhubiri, katika sura ya 10, atukumbusha kwamba chuma kisiponolewa humlazimu mtu kutumia nguvu zaidi. Nami naijua nguvu hiyo. Ipo miezi ambayo sala yangu imekuwa ya haraka na Maandiko nayafungua Jumamosi usiku tu. Hapo ndipo ninapofoka altareni, na kumjibu kwa ukali mama aliyekuja ofisini na shida yake. Wengine mwadhani ni bidii ya Paroko. Ni ubutu unaokandamiza, na mtu hujeruhiwa.

Yule kijana nilimwendea nyumbani kwao nikamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alisema kosa lilikuwa la mkono wake. Nilimwambia hapana: aliyempa kisu bila kukijaribu ni mimi.

Wazazi, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogondogo: mkiona mnatumia nguvu nyingi kwa kazi iliyokuwa nyepesi, simameni kwanza mnoe. Nami mkiniona nafoka, niambieni.

Mungu awabariki.

Paroko wenu