Kaa la Moto kwa Jirani

Sisi tuliokulia Mugumu, wilayani Serengeti, hatuhitaji kufundishwa mbung'o ni nani. Wazee walitukataza kuchunga kwenye vichaka vya mpakani mwa hifadhi, wakihofia nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mwaka 2001 hata watalii waliotoka nchi za mbali kuja kuitazama Serengeti walirudi kwao na malale.

Adui huyu haonekani kwa macho. Lakini amewashiwa taa, na taa yenyewe ilitoka baharini.

Mwaka 1961 Osamu Shimomura, mtaalamu wa Kijapani, alivua maelfu ya konyeza huko Friday Harbor, Marekani. Konyeza ni yule mnyama wa baharini aliye laini mithili ya utando, awashaye ngozi. Shimomura hakutafuta dawa. Alitaka tu kujua kwa nini konyeza wale wanang'aa. Mwaka 1962 alitangaza kuwa ndani yao mna protini ambayo ikimulikwa hutoa mwanga wa kijani.

Mwaka 1992 Douglas Prasher aliisoma jeni inayotengeneza protini hiyo, kisha fedha za utafiti zikamwishia. Je, aliificha jeni ile? La. Aliwapelekea wenzake, Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 1994 Chalfie akaonyesha kuwa ikipandikizwa katika kiumbe kingine, nacho hung'aa. Mwaka 2008 Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Siku hizo Prasher alikuwa dereva wa kubeba wateja wa duka la magari mjini Huntsville, Alabama.

Sasa tazama kaa lile lilifika wapi. Mwaka huo huo wa 2008, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walieleza jinsi walivyochukua vimelea vya jamii ya malale, wengine wakiwa na mwanga wa kijani na wengine mwekundu, wakawaweka ndani ya mbung'o. Katika tezi za mate za inzi huyo walionekana watoto wa njano, waliorithi rangi zote mbili. Maana yake vimelea hujamiiana humo, na sifa za mmoja zaweza kurithiwa na kizazi cha mwingine.

Mwanga huo si dawa. Mfugaji wa Tarime au Serengeti bado anahitaji mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, dawa ya kuogesha ng'ombe, na kuwahi hospitali homa isiyoeleweka inapomshika. Lakini huwezi kumpiga adui usiyemjua njia zake.

Ndugu yangu, kwetu jirani akija kuomba kaa la moto hupewa, na jiko la mtoaji halizimiki. Elimu nayo ni hivyo. Wewe uliyekwisha kumtambua ng'ombe akondaye kwa nagana ilhali anakula, jirani yako umemwambia?